Mwenye kizunguzungu asilazwe tu, afundishwe mazoezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonifanya kwa mwaka mmoja na miezi minne nitembee nimeshika ukuta ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na ambalo naamini linawatesa wengi watakaoisoma barua hii, au watakaosomewa na watoto wao kwa kuwa maandishi hayatulii machoni. Nazungumzia kizunguzungu kinachotokana na maradhi ya sikio la ndani, na hasa mazoezi ya kukitibu. Mazoezi hayo yapo, yamepimwa kwa miaka mingi, hayataki mashine wala umeme, na bado mgonjwa wa kawaida huku kwetu Tanga anaweza kupita vituo vitatu vya matibabu asikutane na mtu hata mmoja wa kumtajia habari zake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ngamiani. Alfajiri moja ya Ramadhani niliamka kwa ajili ya daku, nikageuza kichwa kutafuta kandambili chini ya kitanda, na chumba kizima kikaanza kuzunguka. Dari ilikwenda ukutani, ukuta ukaja sakafuni, na nilipojaribu kusimama nilianguka upande wa kulia kama mtu aliyesukumwa. Nilitapika mpaka jua likapanda. Katika hospitali niliyopelekwa walinipima malaria, haikuwapo. Sukari ilikuwa sawa. Presha ilikuwa juu kidogo, kama ambavyo ingekuwa kwa mtu yeyote aliyetapika saa zote hizo. Niliwekewa dripu mbili, nikapewa vidonge vya kutuliza kizunguzungu, kimoja mara tatu kwa siku, nikaambiwa niendelee navyo mpaka hali itulie, nilale sana, na nisigeuze kichwa ovyo. Nilitii, kwa sababu maisha yangu yote nimemheshimu mtu mwenye taaluma yake. Nilitii kwa miezi mingi.

Ile dhoruba ya kwanza ilipita kwa muda wa siku kumi hivi. Kilichobaki ndicho kilichonivunja. Kila nilipogeuza kichwa, dunia ilikuja nyuma yangu kwa kuchelewa, kana kwamba macho na kichwa havikuwa vya mtu mmoja. Sikuweza kusoma kibao cha duka huku natembea. Usiku umeme ukikatika, nilitambaa. Sokoni Mgandini, mahali nilipokuwa nikienda kila Jumamosi tangu nilipoolewa, nilishindwa kupita mbele ya maduka ya kanga, kwa maana yale maua, zile korosho na ile mistari iliyotundikwa ukuta mzima ilikuwa ikitembea mbele yangu kama maji, na moyo ukichafuka papo hapo. Watoto wangu, kwa mapenzi yao, walininyang'anya ufagio, wakaninyang'anya ndoo, wakanikataza kutoka peke yangu. Majirani nao walikuwa na maelezo yao: huyu alisema ni presha, yule alisema damu imepungua, na mwingine alimwita binti yangu pembeni na kumweleza kwamba mama ana kitu kichwani, apelekwe kwa mganga anayejua. Siwalaumu hata kidogo. Hospitali haikuwa imetupa jina la ugonjwa, na nyumba yenye mgonjwa asiye na jina la ugonjwa hupokea majina kutoka kila mlango.

Nilipona kwa njia ambayo sikuitafuta. Nilipelekwa idara ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kwa ajili ya goti. Kijana aliyenipokea, mwenye umri wa kuwa mwanangu wa mwisho, aliniamkia, akanitazama nikitoka kwenye benchi kwenda kitandani, hatua nne au tano tu, akasema: "Mwalimu, goti nimeliona. Lakini mbona unageuka mwili mzima kama uliyebeba ndoo ya maji kichwani?" Sikuwa najua kwamba nageuka hivyo. Nikamweleza habari yangu tangu daku ile. Alinikalisha, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia nitazame ncha ya pua yake na nisiiache hata iweje. Kisha akakizungusha kichwa changu ghafla, mwendo mdogo sana, kushoto. Macho yalibaki puani pake. Akarudia kulia. Safari hii macho yalikwenda pamoja na kichwa, halafu yakaruka kurudi kwenye pua. Mwenyewe nisingeamini, ila alimwita mwenzake achukue picha ya video kwa simu, na akanionyesha kwa mwendo wa polepole ule mruko wa macho yangu. Kipimo hicho kilichukua muda mfupi kuliko kupimwa presha, na hakikuhitaji chochote zaidi ya mikono ya mtu anayejua anachokitafuta.

Sikio, Ndugu Mhariri, halikuumbwa kwa kusikia tu. Ndani kabisa ya mfupa, kila sikio lina mifereji mitatu iliyopinda nusu duara na kujaa majimaji, pamoja na vifuko viwili vyenye chembe ndogo mno za chokaa. Mifereji hupima jinsi kichwa kinavyogeuka. Vifuko hupima kichwa kinavyoinama na mwili unavyokwenda mbele na nyuma, juu na chini. Sikio la kulia na la kushoto hupeleka habari kwenye ubongo bila kukoma, hata mtu akiwa ametulia tuli, na ubongo huzilinganisha kama muuza duka wa zamani alivyokuwa akilinganisha sahani mbili za mizani. Ukiondoa ghafla mzigo wa sahani moja, nyingine huanguka, na ubongo husoma kuwa kichwa kinazunguka ingawa kimelala juu ya mto. Yaliyonipata mimi, kwa maelezo ya kijana yule na baadaye ya daktari wa masikio, pua na koo aliyeyathibitisha, ni kuvimba kwa neva ya mizani ya sikio la kulia, jambo linalodhaniwa mara nyingi kuletwa na virusi. Neva yangu haikurudi yote, na huenda isirudi.

Lakini ubongo unaweza kujifunza kuishi na sikio moja lenye nguvu na jingine dhaifu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hujifunza kwa kukosea na kusahihisha. Kichwa kinapogeuka na macho yakashindwa kubaki pale yanapotazama, picha huteleza ndani ya jicho, na huko kuteleza ndiko kosa ambalo ubongo unalihitaji ili ujirekebishe. Mgonjwa aliyeambiwa asigeuze kichwa hakosei, na kwa kuwa hakosei hana cha kusahihisha. Anabaki darasa lilelile mwaka baada ya mwaka. Nimesahihisha madaftari kwa miaka 32. Kiswahili kimeita kwa neno moja, zoezi, kazi ya daftari na kazi ya mwili, na sijaona mahali ambapo neno hilo limekaa vizuri kuliko hapa.

Zoezi lenyewe lilikuwa hili. Aliniambia niandike herufi moja nyeusi kwenye kipande cha karatasi ngumu. Niliandika A, vilevile nilivyokuwa nikiiandika ubaoni siku ya kwanza ya muhula, nikaibandika ukutani usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Nikiwa nimekaa kwenye kiti, niitazame herufi hiyo na kugeuza kichwa kulia na kushoto, kwa mwendo mdogo, kama mtu anayekataa chai, huku herufi ikibaki imesimama na inasomeka. Dakika moja. Nipumzike kizunguzungu kitulie. Kisha dakika moja ya juu na chini, kama anayeikubali. Kasi niliyotakiwa kuitumia ni ile ambayo herufi inakaribia kuingia ukungu lakini bado inasomeka. Ikianza kuruka, nimezidisha, na kama haitishi kabisa, nimezembea. Siku ya kwanza nilifika sekunde 20 nikaomba beseni. Nilimwambia kwamba anachonipa ndicho kile kile ninachokikimbia. Akanijibu maneno ambayo nimeyashika hadi leo: "Kikija kidogo, mama, ndipo dawa imeanza kufanya kazi. Kikija kikubwa mpaka ushindwe kukaa, punguza kasi. Na kikitulia ndani ya robo saa baada ya kumaliza, jua umefanya sawasawa."

Tulipanda ngazi kidogo kidogo. Kutoka kwenye kiti nikaenda kusimama, miguu imeachana, halafu imebanana. Nilisimama juu ya godoro la sponji lililokunjwa, kwenye kona ya chumba ili kuta mbili zinipokee nyuma, na kiti mbele yangu cha kushika endapo nitayumba, kwanza macho wazi, baadaye nimeyafumba. Nilitembea barazani huku nikigeuza kichwa, hatua tatu namtazama paka wa jirani kulia, hatua tatu nautazama mwarobaini kushoto. Mwezi wa pili aliniambia nitundike kanga yenye maua mengi ukutani na kuibandika ile herufi A katikati yake. Niliitundika kanga ya harusi ya binti yangu, na siku hiyo ndipo nilipofahamu kwamba hata soko la Mgandini lilikuwa kwenye mpango wa matibabu tangu mwanzo. Jumla ya mazoezi ya kutuliza macho ilikuwa dakika 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne. Nimekuja kusoma baadaye kwamba mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia wa Marekani, uliotolewa upya mwaka 2022, unataka kiasi hichohicho kisipungue kwa mtu aliyeugua muda mrefu, na dakika 12 kwa siku kwa yule ambaye ugonjwa wake bado ni mpya.

Sitasema ilikuwa rahisi. Wiki ya pili nilikuwa na hali mbaya kuliko nilivyoanza, na kama kijana yule asingenionya mapema kuwa wiki hiyo itakuja, ningeacha. Wiki ya sita nilivuka Barabara ya 12 peke yangu saa za asubuhi, baiskeli zikitoka kulia na bajaji zikitoka kushoto, nikageuza kichwa pande zote mbili kama mtu yeyote anayevuka barabara, na barabara ikabaki chini mahali pake. Nilisimama upande wa pili nikalia. Muuza maandazi alidhani nimegongwa.

Nilipopata nafuu nilisoma kila nilichopata kuhusu mazoezi haya, nikitaraji kukuta ni ugunduzi wa juzi ambao haujatufikia. Kumbe ni wa enzi za Vita Kuu ya Pili. Mnamo miaka ya 1940 huko Uingereza, mpasuaji wa masikio Terence Cawthorne na daktari mwenzake F. S. Cooksey waliwahudumia wagonjwa walioumia kichwa na wengine waliopasuliwa sikio, wakaona kwamba waliohimizwa kuinuka na kujongea mapema walipata nafuu haraka kuliko waliolala wakisubiri. Wakapanga mazoezi yanayoanzia kitandani kwa kuzungusha macho peke yake, yakafuata ya kichwa, ya kukaa, ya kusimama, ya kurusha mpira mdogo kutoka mkono huu kwenda ule, na mwisho kutembea chumbani na kupanda mteremko na ngazi, macho wazi kisha yamefumbwa. Waliyaendesha kwa makundi, wagonjwa wakitiana moyo. Kabla yao, daktari Robert Bárány alikuwa ameshatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya kiungo hiki cha mizani ndani ya sikio, naye akipata habari hiyo akiwa mateka wa vita nchini Urusi. Kwa hiyo elimu hii ina umri wa kuwa babu yangu. Siku hizi wataalamu hupendelea mazoezi yanayopangwa kulingana na udhaifu wa kila mgonjwa kuliko orodha moja kwa wote, lakini mzizi ni uleule.

Na haikubaki katika uzoefu wa madaktari wawili. Mwaka 2015 wapitiaji wa shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya majaribio 39 yaliyohusisha watu 2,441 wenye udhaifu wa sikio la ndani la upande mmoja, na wakahitimisha kuwa mazoezi haya ni salama na yanafaa. Jaribio ambalo mimi nimelipenda kuliko yote ni la Uingereza, la mwaka 2004, lililowahusu watu 170 wenye kizunguzungu cha muda mrefu waliokuwa wakihudumiwa na madaktari wa kawaida wa mitaani. Waliochaguliwa kupewa mazoezi walikaa na muuguzi mara moja tu, kwa muda wa nusu saa hadi dakika 40, wakafundishwa, wakapewa kijitabu, wakaenda kuyafanya nyumbani. Baada ya miezi mitatu takriban theluthi mbili yao walikuwa na nafuu, ilhali kwa wenzao waliobaki na huduma ya kawaida walikuwa chini ya wanne katika kila kumi. Naomba wasomaji walitafakari hilo: muuguzi mmoja, kikao kimoja, na kijitabu. Ni kipi kati ya hivyo vitatu ambacho zahanati ya Pangani au kituo cha afya cha Muheza hakiwezi kuwa nacho?

Kuhusu vidonge, nisieleweke vibaya. Katika siku mbili tatu za mwanzo, mgonjwa anapotapika na chumba kinazunguka, dawa kama prokloperazini na sinarizini ni rehema, na mimi mwenyewe zilinisaidia. Tatizo ni kuzifanya chakula cha kila siku. Dawa hizo hunyamazisha kizunguzungu kwa kutuliza njia zilezile ambazo ubongo unazitumia kujifunza, hivyo anayezimeza mwezi baada ya mwezi huuchelewesha ubongo wake, na kama ni mzee huongezewa usingizi wa mchana na hatari ya kuanguka. Kwa wazee wanaozitumia muda mrefu, huweza hata kuleta kutetemeka na kukakamaa kwa viungo kunakofanana na ugonjwa wa Parkinson. Mimi nilimeza kwa mwaka mzima na zaidi kwa sababu cheti changu hakikuwa na tarehe ya mwisho, na kila nilipokwenda duka la dawa nilipewa tena bila swali. Anayezitumia sasa asizitupe leo kwa kusoma barua yangu. Amwulize daktari wake ni lini na kwa namna gani ataziacha.

Wala sisemi kwamba kila kizunguzungu kinatibiwa kwa herufi A. Yupo mgonjwa ambaye akijigeuza kitandani au akitazama juu kushusha kitu kabatini, chumba huzunguka kwa nguvu, lakini kwa chini ya dakika moja, kisha hutulia mpaka atakapogeuka tena. Huyo mara nyingi zile chembe za chokaa zimechomoka kwenye kifuko chake na kuingia katika mfereji usio wao. Kipimo chake kinajulikana tangu mwaka 1952, kwa kazi ya Margaret Dix na Charles Hallpike wa London: mgonjwa hulazwa chali haraka, kichwa kimegeuzwa upande na kuning'inia kidogo, huku macho yake yakitazamwa. Na tiba yake ni kukigeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembe zirudi zilikotoka, kwa mpangilio uliobuniwa na John Epley wa Portland, Marekani, ambaye makala yake iliyoueneza ilitoka mwaka 1992. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na wengi huinuka kitandani wakiwa na nafuu. Shangazi yangu aliishi na kizunguzungu cha namna hiyo kwa miaka miwili akilala amekaa kwenye kochi, shingo imekakamaa, akiamini akilala chini atakufa. Kijana yuleyule alimgeuza mara mbili, tarehe mbili tofauti. Sasa analala kitandani kwake.

Yuko pia mwenye ugonjwa uliopewa jina la daktari Mfaransa Prosper Ménière, ambaye mwaka 1861 alieleza kwamba kizunguzungu kinaweza kuanzia sikioni. Huyu huja na mvumo wa sikio, kuziba na kusikia kunakopungua, na mazoezi hayazuii mashambulizi yake ingawa yanaweza kumsaidia anayebaki akiyumba. Na yuko ambaye hatakiwi kufikiria mazoezi kabisa bali gari la kumkimbiza hospitali: mwenye kizunguzungu cha ghafla pamoja na ulimi mzito, kuona vitu viwiliviwili, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata, au kushindwa kabisa kusimama. Hizo zinaweza kuwa dalili za kiharusi, na kiharusi hakisubiri kesho asubuhi. Ndiyo maana naomba mgonjwa apimwe kwanza na mtu anayejua, kabla ya kubandika chochote ukutani.

Kuna kundi jingine ambalo sijasikia likisemewa, nalo linanigusa kwa sababu ya mzee wa mtaani kwetu. Miaka mingi iliyopita kifua kikuu kilimrudia, akachomwa sindano za streptomaisini kwa miezi miwili. Alipona kifua. Tangu wakati huo hawezi kutembea gizani. Akienda swala ya alfajiri hushikwa mkono na mjukuu, na anasema akitembea, nyumba zilizo mbele yake hurukaruka kama zinazotazamwa kutoka kwenye lori. Amekuwa akiambiwa ni uzee. Sindano za jamii hiyo, pamoja na jentamaisini inayotumika sana katika hospitali zetu, zimeokoa maisha ya watu wasiohesabika, lakini zinaweza kuua seli za mizani katika masikio yote mawili, na pale pote pawili panapokufa mtu huwa hasikii mzunguko. Anaona dunia inaruka na miguu inapotea gizani. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri ule utaratibu wa zamani wa kurudia matibabu ya kifua kikuu kwa kuongeza streptomaisini usitumike tena, nalo ni jambo la kushukuru, lakini waliokwisha kuchomwa tunao mitaani. Kwao nafuu huja polepole na haitimii, kwa kuwa ubongo hauna hata sikio moja zima la kuegemea. Hata hivyo wanaweza kufundishwa kutumia macho na nyayo kuziba pengo, wakatembea na bakora bila kuona haya, na taa ikabaki inawaka njia ya kwenda chooni. Mzee wetu hakuwahi kuelezwa hata hilo la taa.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya ni dogo. Maofisa tabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, ambao ndio wanaotuona sisi kwanza, wafundishwe kile kipimo cha pua, kile cha kumlaza mgonjwa chali, namna ya kuzirudisha chembe, na namna ya kumwanzishia mgonjwa mazoezi. Ni mafunzo ya siku chache kwa mtu ambaye tayari ana elimu ya tiba. Cheti cha vidonge vya kizunguzungu kiwe na idadi ya siku, na chini yake pawe na neno fiziotherapia pale inapopatikana. Wataalamu wa fiziotherapia wenyewe wapelekwe hospitali za wilaya kwa idadi ya kutosha, maana kijana aliyeniponya alikuwa peke yake na foleni yake ilifika nje kwenye mkorosho. Na iandaliwe karatasi moja kwa Kiswahili chepesi chenye michoro, inayoeleza mazoezi, kasi yake, wiki ngumu itakayokuja, na dalili za kukimbilia hospitali, ili mgonjwa aondoke nayo mkononi. Kumbukumbu ya mtu mwenye kizunguzungu haishiki maelezo ya mdomo. Mimi niliandika yangu nyuma ya bahasha.

Na kwa watoto wanaowauguza wazazi wao, nawasihi kama mama. Nalijua pendo linalowafanya mseme "mama kaa, tutafanya sisi." Mkishahakikishiwa na mtaalamu kuwa tatizo ni sikio, mrudishieni ufagio. Simameni karibu naye, mshikilieni kiti, ondoeni mkeka unaoteleza na kamba ya kuanikia inayopita kichwani, lakini mwacheni ageuke, ainame, achote maji, aende dukani na kurudi. Binti yangu alikuwa akinihesabia dakika kwa simu yake kila jioni baada ya magharibi, na nadiriki kusema nusu ya kupona kwangu ilikuwa sauti yake ikisema bado sekunde kumi, mama.

Nimeandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, karatasi ya kurasa mbili ya mazoezi niliyofundishwa, na kijana wa fiziotherapia ameipitia na kusahihisha mahali pawili. Nimeiambatanisha na barua hii. Iwapo gazeti litaona inafaa kuchapishwa katika ukurasa wa afya, ichapishwe bila malipo yoyote kwangu, na kituo chochote cha afya kitakachotaka kuidurufu kiwe huru kufanya hivyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.